Kwikwi ya Maneno Kumi na Moja

Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na baba aliyejua kusoma, wala kaka wa kumwazima vitabu, wala meza. Alisomea juu ya ubao wa kupigia pasi, mke wake akishamaliza kuutumia. Hakuwa na meno mawili ya mbele, jambo linalomsumbua mtu anayesomea sauti za lugha, maana zipo sauti zinazodai meno. Hakuwa na kompyuta mpaka alipofika miaka hamsini na saba. Hakuwa na mjomba katika ofisi yoyote, hakuwa na ujana, na vidole vyake havikuwa na mbio kwenye simu. Alichokuwa nacho ni jicho. Miaka thelathini na minne ya kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda cha chapa ilikuwa imempa jicho la kukamata mkato uliokaa vibaya kabla msomaji mwingine hajavaa miwani.

Wenzake wa uzamili katika isimu, wengi wao wa umri wa watoto wake, walimwita Mzee Herufi. Hakuwakataza. Jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake.

Mapenzi yake na isimu yalianzia kiwandani. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kucha nyeusi kwa wino, siku nyapara wa kiwanda alipomkabidhi mswada mnene ulioandikwa kwa mkono: kamusi ya lugha ya watu wa mtoni. Aliyeikusanya alikuwa mkaguzi wa shule, mtu aliyekwenda vijijini kukagua madaftari ya wanafunzi akarudi na mfuko wa maneno ya bibi zao. Watu wa mtoni walikuwa wachache hata wakati huo. Baadaye bonde lao lilijazwa maji ya bwawa la umeme, wakatawanyika, na watoto wao wakakulia katika lugha za majirani wapya. Kamusi ile ndiyo iliyobaki. Mkaguzi mwenyewe aliugua kitabu kikiwa bado mitamboni, akafariki kabla hajaona hata prufu moja, ile karatasi ya kusahihishwa kabla ya kuchapa.

Kwa ajili ya kitabu hicho ziliagizwa herufi za pekee, zikaletwa katika kasha dogo la mbao, kila herufi na kijumba chake. Kijana wetu alizipanga kwa upole kama mtu anayehesabu vifaranga, na kazi ilipokwisha nyapara alimsimamisha mbele ya wenzake akasema hajapata kuona chapa safi namna ile. Sifa hiyo ndiyo iliyomsukuma shule ya usiku. Alitaka kujua ni kitu gani hasa alichokuwa amekipanga, na kwa nini lugha moja iwe na herufi hizi na nyingine isiwe nazo. Ilimchukua maisha mazima. Shahada ya kwanza aliisoma kwa posta, na alipostaafu akaomba nafasi ya uzamili. Siku ya usaili aliiweka kamusi mezani akawaambia walimu kwamba kitabu kile amekipanga yeye, kwa mikono hii. Profesa, mama mwembamba wa miaka hamsini na ushei, alisimama akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema mwanafunzi huyu ni wake.

Profesa alikuwa na sababu. Jina lake lilikuwa limejengwa juu ya kamusi ile, na hasa juu ya maneno kumi na moja yaliyomo. Maneno hayo yaliishia na alama inayofanana na alama ya kuuliza iliyokosa nukta. Wanaisimu huitumia kuandika kipasuo cha koromeo, yaani ile sauti ya koo kufungwa ghafla na kufunguka, kama ya mtu aliyeanza kusengenya akagundua kuwa msengenywaji yuko nyuma yake. Wanafunzi waliiita kwikwi. Lugha za majirani hazikuwa nayo hata moja. Sasa kwa nini kwikwi itokee katika maneno kumi na moja tu kati ya elfu tatu? Profesa alizitazama maana: ndoto, aibu, wivu, mwangwi, kivuli cha marehemu, na nyingine za namna hiyo. Vyote ni vitu visivyoshikika. Akaandika kwamba watu wa mtoni walikuwa wakikaba koo kidogo kila walipotaja kisichoonekana. Makala hayo yalisafiri kuliko mwenyewe. Yalinukuliwa katika nchi ambazo yeye amezijua kwenye ramani tu.

Tasnifu ya Mzee Herufi ilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba hiyo hiyo. Kurasa mia moja na arobaini, miaka minne ya kazi, na siku ya utetezi ilikuwa imepangwa. Zilibaki siku kumi na mbili.

Jumatatu hiyo, baada ya chakula cha mchana, mlinzi alimwita kutoka chumba cha kusomea akasema kuna mgeni wake getini. Alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba, na miguuni pake pamewekwa sanduku la bati. Alijitambulisha kuwa ni binti wa yule mkaguzi.

“Kaka, nimesikia redioni kuna mzee anasomea kitabu cha baba,” alisema. “Haya makaratasi kiwanda kilimrudishia mama, na miaka yote yamekaa mahali pa viatu vyangu. Nahama nyumba. Panya hawakuyataka, labda wewe utayataka.”

Mzee Herufi alishukuru mpaka mkunga akaona haya. Alilibeba sanduku mwenyewe, akamkataa mlinzi aliyetaka kumsaidia, akalifungua juu ya meza ya dirishani. Juu kabisa palikuwa na mswada. Ule ule. Pembezoni mwa kila mstari kulikuwa na kitiki kidogo cha penseli, alama ya mpangaji kwamba mstari huu umekwisha. Vitiki vile vilikuwa vyake. Kwenye kona moja kulikuwa hata na alama ya kidole gumba, nyeusi, ya kijana wa miaka ishirini na mitatu. Alicheka peke yake.

Kisha akaenda moja kwa moja kwenye *galume*, neno la ndoto, la kwanza katika yale kumi na moja. Alitaka kuiona kwikwi kwa mwandiko wa mkaguzi mwenyewe.

Ilikuwa na nukta.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Nukta ilikuwa pale pale, ndogo, ya wino uliofifia, chini ya ile ndoana. Haikuwa herufi ya sauti yoyote. Mkaguzi alikuwa ameandika neno, akaweka alama ya kuuliza mwishoni mwake kwa sababu hakuwa na uhakika na maana, kisha akaandika “ndoto”. Alikuwa akijiuliza.

Aliyatafuta mengine moja baada ya jingine, akipindua kurasa haraka kuliko inavyofaa karatasi kuukuu. *Ikuse*, la aibu: nukta. *Njelu*, la wivu: nukta. *Sombwi*, la mwangwi: nukta, tena hii ilikuwa nene, ya mtu aliyekazia kalamu. Yote kumi na moja. Akarudi mwanzo kabisa, kwenye karatasi ya jalada ambayo enzi zile ilibaki mezani kwa nyapara na mpangaji hakuwahi kuiona, na hapo mkaguzi alikuwa ameandika kwa herufi za mwalimu, za kusomeka: “Maneno yenye alama ya kuuliza maana yake sijaithibitisha. Tafadhali yasichapwe kabla sijarudi mtoni.”

Kumbukumbu ilimrudia nzima nzima, na harufu yake ya mafuta ya mashine. Seti ya herufi ilikuwa imeletwa kamili kutoka kwa wauzaji, bila kujali kama kitabu kinazihitaji zote. Kila herufi kashani ilikuwa imepata kazi isipokuwa moja, ile ndoana isiyo na nukta. Ilimkera siku nyingi, kama mgeni aliyealikwa akakosa kiti. Halafu akafika kwenye *galume*, akaona ndoana kwenye mswada, akafurahi kwamba mgeni amepata kiti. Nukta aliichukulia kuwa doa la kalamu. Hakuuliza. Alikuwa kijana mwenye jicho, na mwenye jicho haulizi. Nyapara, ambaye hakujua tofauti ya herufi moja na nyingine katika lugha ile, ndiye aliyesoma prufu.

Alikaa pale ameduwaa, mkono juu ya karatasi kama anayeizuia isipeperuke. Mwanafunzi mmoja alimwamkia shikamoo mara mbili bila kujibiwa, akaondoka kwa kunyata.

Chini ya sanduku kulikuwa na daftari jembamba ambalo afadhali asingelifungua siku hiyo. Mkaguzi alikuwa amerudi mtoni. Alikuwa amekaa siku mbili na bibi mmoja mjuzi wa lugha, akayauliza yale maneno upya, na majibu alikuwa ameyaandika kwa mkono wa mgonjwa, mistari inapanda na kushuka. *Galume* si ndoto. Ni tabasamu la mtoto mchanga akiwa usingizini. *Ikuse* si aibu. Ni wekundu wa macho ya mtu aliyetoka kulia. *Njelu* si wivu hata kidogo. Ni mapovu madogo ya maji yanayokaribia kuchemka. Alikuwa amepata maana za maneno tisa, na mawili akaandika kwamba bibi amechoka, atauliza tena. Hakuwahi kuuliza tena.

Mzee Herufi alihesabu kwa kidole. Kati ya vitu tisa visivyoonekana, saba vilionekana kwa macho, na mtu angeweza kuvinyooshea mkono.

Saa kumi alasiri alibisha mlango wa Profesa. Aliuweka mswada mezani, akaweka karatasi ya jalada juu yake, na daftari pembeni. Profesa alianza kusoma akitabasamu, maana alijua vitu hivyo ni vya nani. Tabasamu halikuondoka ghafla. Lilibaki usoni likiwa limesahauliwa, kama taa iliyoachwa ikiwaka mchana. Aliyapitia maneno yote kumi na moja. Alisoma daftari mpaka mwisho. Kisha aliinuka akafunga mlango.

“Nani mwingine ameyaona haya?” aliuliza.

Mzee Herufi alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi njiani, hilo halikuwamo. Alijibu kwamba ni yeye tu, na mkunga aliyeyatunza bila kuyasoma. Profesa alitikisa kichwa polepole, akakaa, akaanza kusema kwa sauti ile ya darasani, ya mtu anayekwenda hatua kwa hatua. Alisema utetezi umekaribia, watahini wamekwisha soma tasnifu, tena wameipenda. Alisema mambo ya kitaaluma hurekebishwa kwa utaratibu wake. Mwakani yeye mwenyewe ataandika makala, kwa heshima, kwamba kumepatikana mswada unaoleta maswali mapya.

“Wewe tetea kwanza, mzee wangu. Kwani tasnifu yako imesema uongo gani? Imesema kamusi inasema hivi. Na kamusi inasema hivi.”

“Kamusi haisemi hivyo, Profesa,” alijibu. “Mimi ndiye niliyeisemesha.”

Akamweleza habari ya kasha, na herufi iliyokosa kazi, na doa ambalo halikuwa doa. Profesa alijua siku zote kwamba mwanafunzi wake ndiye aliyepanga kitabu. Alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa wageni kama pambo. Sasa alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaonana naye. Alicheka kicheko kifupi, kikavu.

“Miaka ishirini na sita tangu makala yale,” alisema.

Kisha alimwambia aende nyumbani akapumzike, sanduku aliache hapo ofisini, litakuwa salama. Katika miaka minne Mzee Herufi hakuwahi kumkatalia Profesa jambo lolote, hata mkato. Siku hiyo alizirudisha karatasi sandukuni, akafunga komeo, akaaga kwa adabu, akaondoka nalo.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa chumba cha mashine. Alikuwa akikata suti ya mumewe ya siku ya utetezi, kitambaa cha kijivu kimetandazwa juu ya ule ubao wa pasi. Alipomwona mumewe mlangoni na uso ule, aliweka mkasi chini akauliza nani amefariki. Akaambiwa hakuna, kisha akaambiwa yote. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

“Ngoja nielewe,” alisema. “Kwa hiyo miaka yote minne hii umekuwa ukisomea kosa lako mwenyewe?”

Mzee Herufi alichomwa. Alisema mambo si mepesi hivyo, ipo nadharia, ipo hoja.

“Nadharia ya nini? Mimi nikikata mikono miwili yote ya kushoto, simwambii mteja ni mtindo.”

Lakini alipoona kidevu cha mumewe kinatetemeka aliacha mzaha, akamvutia kiti, akamletea chai. Na hapo ndipo alipomshangaza kuliko Profesa, kwa maana alimwambia atetee. Alisema yeye ndiye aliyemwona akisoma amechoka mpaka paji la uso linagonga ubao. Ndiye aliyekaa peke yake harusini na misibani kwa sababu mzee ana mtihani. Shahada ile si ya mume peke yake. Kama Profesa mzima anasema lipo la kufanya mwakani, basi lifanywe mwakani.

“Umemkosea nani?” alisema. “Watu wa mtoni wenyewe hawapo tena wa kulalamika.”

Akaendelea kukata suti. Na kwa siku tatu Mzee Herufi alikubaliana naye. Alikaa na tasnifu yake akiipachika maneno ya kujikinga, “kwa mujibu wa kamusi” hapa, “kama ilivyochapwa” pale, mpaka aya zikawa kama mtu aliyevaa makoti matatu. Alijiambia kwamba hakuna sentensi moja ya uongo humo.

Asubuhi ya Alhamisi alifika ukurasa wa tisini na mbili. Chini yake kulikuwa na maelezo ya mstari mmoja ambayo alikuwa ameyasahau: “Mtoa habari huyu amekwisha poteza kipasuo cha koromeo kwa kuathiriwa na lugha kubwa.” Aliyasoma mara moja, akayasoma tena. Kisha akamsikia mke wake kichwani akisema hawapo tena wa kulalamika. Mbona mmoja yupo? Alikuwa amemwona kwa macho yake, mwaka wa pili wa masomo: bibi wa miaka themanini na zaidi, aliyezaliwa mtoni, anayeishi kwa mjukuu wake katika mji wa mbali, na ambaye alikuwa akikumbuka maneno kama mia mbili ya lugha ya bibi yake. Alikuwa amemrekodi saa mbili nzima. Kwa tasnifu alitumia dakika nne tu.

Alitoa kinasa sauti kabatini, akakiweka juu ya meza ya mke wake kati ya vibweta vya vifungo, akakifungua.

Kwanza ilisikika sauti yake mwenyewe, nzito, ya kitaaluma, sauti ya mtu anayejipenda. Ikasema, “*Galume*, bibi. Ndoto. Hebu litamke.”

“*Galume*,” ikasema sauti ya bibi, laini, bila kwikwi, kama maji. “Ila sisi *galume* tulisema mtoto akiwa amelala, halafu...”

“Tutafika huko, bibi. Kwanza koo. Mwishoni unatakiwa ukabe koo. Hivi.” Na hapo Mzee Herufi alijisikia akitoa kwikwi safi kabisa, kwikwi ya darasani.

Kiti kikatoa mlio. Bibi akajaribu, akakohoa, wakacheka wote wawili. Akajaribu tena.

“Hivyo?”

“Karibu. Kaza zaidi.”

“Sikumbuki tukisema hivyo, mwanangu.”

“Ndivyo ilivyoandikwa kitabuni, bibi.”

“Haya. Kama kitabu kimesema.” Na mara ya nne akaipatia.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na futi ya kupimia shingoni, na ameweka kiganja mdomoni. Bibi alikuwa amemwambia. Maana ya kweli, ile ile iliyomfanya mkaguzi arudi mtoni akiwa mgonjwa, alikuwa amepewa bure miaka miwili iliyopita, naye akaikata sentensi katikati ili afundishe kosa lake.

Alipiga simu ya mjukuu. Alitaka tu kujua kama bibi yu hai. Zaidi ya hapo hakujua atasema nini. Mjukuu, mwanamke mchangamfu, alimtambua mara moja, akamwita mwalimu. Alisema bibi yupo, macho ndiyo yamechoka lakini ulimi haujachoka. Akasema tena, kwa kicheko, kwamba tangu mwalimu aondoke bibi amewageuza wote wanafunzi. Kila jioni anawaketisha vitukuu wake sita anawafundisha maneno ya mtoni kwa ile kukaba koo ambayo mwalimu alimkumbusha. Watoto wanaipenda kuliko wimbo. Mdogo kabisa anaiweka hata kwenye maneno ya kawaida, anaomba maji kwa kwikwi.

Mzee Herufi alitafuta mahali pa kushika, akashika ukingo wa mashine. Mchana na jioni, katika nyumba asiyoijua vizuri, doa lake la risasi lilikuwa likisemwa na vinywa vya watoto. Miaka thelathini na tisa lilikuwa kosa la karatasi. Sasa lilikuwa lugha. Angeweza kwenda na kinasa sauti kesho, akarekodi wasemaji saba halisi wa mtoni, wa vizazi viwili, wote wana kwikwi, na hakuna mtahini duniani ambaye angempinga. Wazo hilo lilimpitia kichwani likiwa zima, na lilimtisha kuliko yote yaliyotangulia.

Bibi alipewa simu. Aliamkiwa, akaitikia, akamwuliza hali ya nyumbani, na bila kuombwa akalisema neno, *galume*, na kwikwi yake mwishoni, safi, kwa fahari, kama mtoto anayemsomea mgeni.

“Bibi,” alisema Mzee Herufi, “yule bibi yako wa mtoni, aliyekulea. Yeye alikuwa akilisemaje?”

“Aa, yule hakusoma, mwanangu,” bibi alijibu kwa upole. “Alikuwa akikosea.”

Alijaribu kumwambia pale pale, akaanza, akasema hapana, bibi, aliyekosea si yeye. Lakini bibi alidhani anasifiwa, akacheka, akamwombea heri, simu ikarudishwa kwa mjukuu. Mzee Herufi aliahidi kuja mwenyewe, kwa miguu yake, mwezi huo huo. Akakata. Alimgeukia mke wake akiwa na macho mekundu. Mkewe alimtazama kitambo, kisha akachukua ile suti ya kijivu iliyokwisha unganishwa mabega, akaikunja, akaiweka rafuni.

“Andika,” alisema.

Aliandika kwa mkono, kwa sababu mkono wake ulikuwa wa kuaminika kuliko kompyuta. Rasimu ya kwanza ilijaa maelezo ya kiwanda na ujana, akaichana. Ya pili ililalamika, akaichana nayo. Ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili. Ilisema kwamba sauti iliyojadiliwa katika tasnifu yake haikuwahi kuwapo. Ilisema imetokana na alama ya kuuliza ambayo yeye, akiwa mpanga herufi, aliipanga kama konsonanti bila kuuliza. Kwamba mswada halisi anao na yuko tayari kuuonyesha. Kwamba alimfundisha mtoa habari wake kutamka kosa hilo na akaandika kwamba amepoteza kile ambacho hakuwahi kuwa nacho. Aliomba tasnifu iondolewe. Hakuomba huruma, wala hakumtaja Profesa.

Ijumaa alimpelekea Profesa barua hiyo aisome kabla haijaondoka, maana aliona si uungwana mtu asikie habari zake kwa wengine. Profesa alionekana kama mtu ambaye wiki nzima hakulala. Alisoma akiwa amesimama.

“Unajua watakufuta kwenye orodha.”

“Najua.”

“Na kuanza upya si kabla ya mwakani. Kama watakubali. Utakuwa na miaka mingapi?”

“Sitini na mitatu, Profesa.”

Akamsimulia habari za vitukuu wa bibi. Profesa alikaa chini taratibu, akiushika mkono wa kiti kabla hajakikalia, na alipoambiwa habari ya mtoto anayeomba maji kwa kwikwi alifunga macho. Nje, wanafunzi walikuwa wakibishana ni nani aliyekaa na ufunguo wa maabara.

“Jina langu hukuliweka humu,” alisema hatimaye.

“Kosa la kupanga ni langu.”

“La kupanga, ndiyo.” Aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akamrudishia. “La kuamini ni langu. Nitaliandika mwenyewe. Usinibebee.”

Hakusema ataliandika lini, naye hakumwuliza.

Ofisi ya mkurugenzi ilikuwa ng'ambo ya ua, dakika mbili kwa mguu mzito. Lakini Mzee Herufi alikwisha ishi vya kutosha kujua kwamba barua ya mkono hurudishwa kwa mkono. Mtu hukutana nawe kwenye ngazi, akakushika bega, akakushauri. Alitoka nje ya geti akaenda posta. Palikuwa na foleni fupi na kaunta yenye gundi iliyokauka ukingoni. Aliitoa barua akaisoma mara ya mwisho kwa jicho la kiwandani, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, akaona kwamba katika neno moja ameruka irabu, akaiongeza kwa kalamu. Akaitia kwenye bahasha pamoja na nakala ya karatasi ya jalada. Akalamba gundi, ikamchukiza, akaibana kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona. Karani alimwuliza kama anataka ya kawaida au ya rejista. Alisema rejista. Karani akaigonga muhuri mara mbili, akampa kipande cha karatasi, akaitupa nyuma yake ndani ya gunia bila kutazama.